Hifadhi ya data isiyokula umeme bure: mwongozo kamili kwa ofisi ndogo na za kati

Mwaka juzi niliitwa na ofisi moja ya mawakala wa forodha hapa Dar es Salaam. Seva yao ilikuwa imejaa na walitaka kununua kubwa zaidi. Mkurugenzi akaongeza sharti: safari hii wapate kitu kisichoharibu mazingira, maana mteja wao wa Ulaya alishaanza kuwataka waeleze wanatumia nishati kiasi gani. Seva yenyewe ilikaa kwenye chumba kilichowahi kuwa stoo ya mafagio. Mlango ulipofunguliwa nilipigwa na baridi. Kiyoyozi kilikuwa kwenye nyuzi 16, na nyuma ya mlango limetundikwa sweta la kuvaa kila anayeingia.

"Shikamoo mama. Hiki huwa kinazimwa?" nilimwuliza mhasibu, ambaye ndiye anayeshika funguo.

"Marahaba, mwanangu. Hakizimwi. Aliyetufungia alisema tukikizima tu, data zinakufa."

Tulipima kabla ya kununua chochote. Seva ilikuwa inakula wati 180 muda wote. Kiyoyozi, kikiwaka na kujizima chenyewe, kilikuwa na wastani wa wati 600 kwa saa 24. Kwa mwaka mzima hizo ni uniti (kilowati-saa) zaidi ya 6,800, na kwa bei ya karibu shilingi 350 kwa uniti, chumba kile kilikuwa kinakula shilingi milioni 2.4 za Luku, umeme wa kulipia kabla, kila mwaka. Robo tatu ya pesa hiyo haikugusa data hata kidogo. Ilikuwa inapooza chumba.

Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza diski gani au wingu gani (hifadhi ya kukodi kwenye intaneti) lina unafuu kwa mazingira, namrudisha nyuma hatua tatu. Pima, punguza, gawa, ndipo uchague. Anayeanza na kuchagua huishia kununua mashine kubwa ya kubebea takataka.

Hatua ya kwanza: pima

Mali bila daftari huisha bila habari. Nunua mita ya plagi, ile unayochomeka ukutani kisha ukachomeka kifaa juu yake. Inakuonyesha wati za sasa hivi na uniti zilizolika tangu uichomeke. Pima seva, kisha ruta, swichi, UPS (betri ya akiba umeme ukikatika), kinasio cha kamera za ulinzi na kila diski ya nje inayowaka. Kiache kila kifaa kwenye mita kwa saa 24, kwa sababu matumizi ya mchana si ya usiku.

Kiyoyozi mara nyingi hakina plagi ya kawaida. Sisi tulisoma namba ya mita ya Luku jioni baada ya kuzima kila kitu isipokuwa chumba kile, tukaisoma tena asubuhi. Ukitoa uniti za seva, zinazobaki ni za kiyoyozi. Kipimo cha usiku hupungua kidogo kwa kuwa nje kuna ubaridi, lakini kinatosha kuamulia.

Shika hesabu moja kichwani: wati 1 ikiwaka mwaka mzima bila kuzimwa ni uniti 8.76. Wati 180 basi ni uniti 1,577 kwa mwaka, na wati 20 ni uniti 175. Ukiijua hesabu hii, tangazo lolote la mashine unaweza kuligeuza kuwa pesa na umeme palepale dukani, kabla muuzaji hajamaliza kusifia.

Andika pia lita za mafuta ya jenereta. Lita moja ya dizeli ikichomwa hutoa karibu kilo 2.7 za hewa ukaa. Kama jenereta la jengo linawashwa wikendi kwa ajili ya seva peke yake, basi sehemu kubwa ya uchafuzi wako iko pale, na hakuna diski itakayoufuta.

Hatua ya pili: punguza kabla ya kununua

Hapa ndipo penye faida kubwa, na ndipo watu wengi hawapendi kukaa, kwa sababu ni kazi ya mikono na haina kifaa kipya cha kufungua boksi.

Seva ya wale mawakala ilibeba terabaiti 3.6. Tulipoipekua, terabaiti 1.9 zilikuwa picha za kamera za ulinzi ambazo mtu aliwahi kuzihamishia pale "kwa usalama" na hakuna aliyezifungua tena. Gigabaiti 800 zilikuwa hati zilizopigwa skani. Gigabaiti 400 zilikuwa mchanganyiko: nakala za simu za wafanyakazi walioshaondoka, programu za kusakinisha za miaka iliyopita, filamu, na hati moja ya shehena iliyotumwa kwa watu wanne na kuhifadhiwa na kila mmoja kwenye folda yake. Data halisi za biashara, zile ambazo zikipotea kesho ofisi inafungwa, zilikuwa gigabaiti 500.

Anza na kamera, maana hakuna kitu ofisini kinachozalisha data kama kamera. Kamera moja inayorekodi kwa megabiti 4 kwa sekunde hujaza gigabaiti 43 kwa siku. Kamera 8 ni gigabaiti 346 kwa siku, na ukitunza siku 30 ni zaidi ya terabaiti 10. Ingia kwenye mipangilio ya kinasio. Badilisha mfumo wa kubana kutoka H.264 kwenda H.265, ambao kwa kawaida hupunguza ukubwa kwa karibu nusu. Weka kurekodi panapokuwa na mwendo tu kwenye korido na stoo. Kisha ukae na mwenye ofisi mkubaliane siku za kutunza. Tukio likitokea, kipande chake kinatolewa siku hiyo hiyo na kutunzwa peke yake. Zilizobaki zinafutwa zenyewe. Wale mawakala walikubali siku 14.

Skana ndiyo ya pili. Mashine yao ilikuwa imewekwa kwenye nukta 600 kwa inchi, rangi kamili, na inahifadhi picha bila kuibana. Ukurasa mmoja wa A4 kwa mpangilio huo ni megabaiti 104. Ukiweka nukta 300 na rangi ya kijivu, ukurasa huohuo kabla ya kubanwa ni chini ya megabaiti 9, na risiti au ankara iliyopigwa nyeusi na nyeupe kisha ikahifadhiwa kama PDF mara nyingi haifiki hata kilobaiti 100. Niliwachapishia ankara moja kwa mipangilio yote mitatu, nikaweka karatasi tatu mezani mbele ya mama mhasibu. Alivaa miwani, akazisoma moja moja, akasema zote anaona namba. Tukabadilisha mpangilio mchana ule.

Nakala pacha zitafute kwa programu, usizitafute kwa macho. Czkawka na dupeGuru ni za bure na hulinganisha yaliyomo kwenye faili, si jina tu, hivyo zinamkamata hata yule aliyebadilisha jina kuwa "final mpya 2". Usiruhusu programu ifute yenyewe. Toa orodha, ipitie na mwenye folda, ndipo mfute.

Kabla ya kufuta, chora jedwali la safu nne: aina ya data, sababu ya kuitunza, tarehe ya kufutwa, na mtu mwenye dhamana. Tanzania na Kenya sheria za usimamizi wa kodi zinataka kumbukumbu zitunzwe miaka 5. Mkataba ulio hai, kesi iliyo mahakamani na madai ya bima havifutwi hata muda ukipita. Lakini upande wa pili pia ni sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania, namba 11 ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na ile ya Kenya ya 2019, zote zinakataza kukaa na taarifa za mtu kuliko inavyohitajika. Nakala ya kitambulisho cha mgeni aliyepita ofisini miaka mitatu iliyopita haikusaidii kitu. Inakula umeme na inakuweka hatarini siku data zikivuja.

Kila faili unayoifuta inafutwa mara tatu, kwa sababu data za maana lazima ziwe na nakala tatu, mbili kwenye vyombo viwili tofauti na moja nje ya jengo. Sheria hiyo usiivunje kwa jina la mazingira. Ofisi iliyopoteza data hurudia kazi ya miezi, huchapisha upya na kusafiri upya, na hasara hiyo ni kubwa kuliko diski yoyote.

Hatua ya tatu: gawa kwa joto

Data za moto ni zile zinazofunguliwa kila siku: hesabu za mwaka huu, faili za wateja wa sasa, hifadhidata ya mauzo. Vuguvugu ni zile zinazoulizwa mara moja moja, kama hesabu za mwaka jana au miradi iliyofungwa karibuni. Baridi ni zile zinazotunzwa kwa sababu sheria inataka, au zisije zikahitajika.

Kwenye ofisi nyingi nilizopitia, baridi ndizo nyingi kabisa, na zote zinazungushwa kwenye diski inayowaka saa 24 pamoja na zile za moto. Zitenganishe folda kwa folda. Kigezo changu ni chepesi: faili ambayo hakuna aliyeifungua kwa miezi 12 ni baridi mpaka mwenyewe aseme vinginevyo. Tarehe ya kufunguliwa mwisho isikudanganye, kwani programu ya virusi ikipitia faili zote huweza kuibadilisha. Angalia tarehe ya kuhaririwa.

Hatua ya nne: chombo

Wauzaji watakwambia SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani, ndiyo rafiki wa mazingira kwa sababu inakula umeme kidogo. Umeme kidogo ni kweli. Ikiwa imetulia, SSD nyingi hazifiki wati 2, wakati diski ya kuzunguka ya inchi 3.5 hula wati 4 hadi 8. Wasichosema ni gharama ya kuitengeneza. Mwaka 2022 watafiti Swamit Tannu na Prashant Nair walikadiria kwamba kutengeneza SSD hutoa karibu kilo 0.16 za hewa ukaa kwa kila gigabaiti moja. Terabaiti 1 basi ni kilo 160, sawa na kuchoma lita 60 hivi za dizeli kabla hata hujaichomeka. Diski ya kuzunguka, kwa ujazo uleule, inatoa mara kadhaa pungufu.

Kwa hiyo mimi hufanya hivi. SSD ndogo, gigabaiti 250 au 500, kwa ajili ya mfumo wa kompyuta na hifadhidata inayohitaji kasi. Wingi wa faili ninauweka kwenye diski za kuzunguka, chache na kubwa. Diski ya terabaiti 8 hula umeme karibu sawa na ya terabaiti 2, hivyo diski nne kuukuu zinazowaka pamoja unaweza kuziweka pembeni kwa jozi moja. Usinunue ujazo wa miaka kumi ijayo. Nunua wa miaka mitatu, kwa vipimo ulivyopata baada ya kusafisha.

Data baridi hazihitaji umeme kabisa. Diski ya nje ya kuzunguka, imejazwa, imekaguliwa, imefungwa kwenye mfuko wenye vifuko vya kunyonya unyevu na kulazwa kwenye sefu ya tawi jingine, inakula wati sifuri. Pwani unyevu ni adui wa kweli, vifuko hivyo usivipuuze. Ichomeke mara moja kila miezi sita, fungua faili kadhaa, andika tarehe juu yake kwa kalamu. SSD na flashi usizitumie kwa kazi hii, kwa sababu zinashika data kwa chaji ya umeme, na chaji huvuja zikikaa miaka kabatini, hasa kwenye joto.

Tepu ya sumaku bado ipo na ni safi kuliko vyote kwa data nyingi za baridi. Tepu moja ya LTO-9 hubeba terabaiti 18 na haili kitu ikiwa rafuni. Lakini mashine yake ya kusomea ni bei kubwa. Inawafaa kituo cha televisheni au hospitali yenye picha za mionzi za miaka mingi. Ofisi ya watu kumi iipite.

Na kabla ya kununua mashine yoyote, angalia kabatini. Laptopu ya miaka mitano yenye skrini iliyopasuka, ikiwekewa Linux na diski ya nje, ni seva ya faili inayokula wati 10 hadi 15, na betri yake yenyewe inafanya kazi ya UPS. Kifaa ambacho hakikutengenezwa upya ndicho chenye uchafuzi mdogo zaidi. Kama ofisi ina watu wengi na inahitaji diski mbili zinazoakisiana, chukua NAS ya diski mbili, yaani kisanduku cha diski kinachounganishwa kwenye mtandao wa ofisi. Nyingi hukaa kati ya wati 15 na 30. Iwekee ratiba ya kujizima saa 2 usiku na kujiwasha saa 12 asubuhi.

Hatua ya tano: mahali

Swali la kwanza ni kama mashine ikae ofisini au iende kwa watu wenye kazi hiyo. Vituo vya data hupima ufanisi wao kwa kipimo kinachoitwa PUE: umeme wote unaoingia kwenye kituo, ukigawanywa kwa umeme unaofika kwenye kompyuta. Moja kamili maana yake hakuna kinachopotea. Kwa tafiti za Uptime Institute, wastani wa vituo duniani mwaka 2024 ulikuwa 1.56. Google husema vituo vyake vina wastani wa 1.09. Stoo ya mafagio ya wale mawakala, wati 780 kugawanya kwa 180, ilikuwa 4.3.

Usiharakishe kusema basi wote twende kwenye wingu. NAS ya wati 18 iliyokaa kwenye rafu yenye hewa, bila kiyoyozi chake peke yake, haina cha kupoozwa. Kama ulichonacho ni kifaa kimoja kidogo, ofisini panatosha. Kama una seva tatu na zaidi zinazolazimu chumba chenye kiyoyozi, kukodi nafasi kwenye kituo cha data, au kuhamia kwenye wingu, karibu daima kunashinda.

Mkibaki na chumba, pandisheni joto. Chama cha wahandisi wa viyoyozi cha Marekani, ASHRAE, kinapendekeza hewa inayoingia kwenye seva iwe kati ya nyuzi 18 na 27. Nyuzi 16 hazimsaidii mtu. Weka 25, ziba mianya ya mlango, usielekeze hewa moto ya nyuma ya seva irudi mbele yake. Siku ya kubadilisha kiyoyozi, soma jina la gesi kwenye kibandiko. Gesi ya R-410A ikivuja inapasha dunia joto mara 2,088 ya hewa ukaa, kilo kwa kilo. R-32 ni mara 675. Mkataba wa kuzipunguza gesi hizi ulifikiwa Kigali, Oktoba 2016.

Swali la pili ni umeme wa mahali hapo unatoka wapi, na hapa ramani ya Afrika Mashariki inatupendelea kuliko wengi wanavyojua. Kenya inazalisha karibu sehemu tisa kati ya kumi za umeme wake kwa jotoardhi ya Olkaria, maji na upepo, ikiwemo mitambo 365 ya upepo ya Turkana. Uganda inategemea maji ya Nile. Tanzania tulikuwa na gesi asilia kwa kiasi kikubwa, lakini tangu mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere uwashwe Februari 2024, mradi wa megawati 2,115, maji yamepanda sana kwenye mchanganyiko wetu. Afrika Kusini, kwa upande mwingine, bado inachoma makaa ya mawe kwa zaidi ya asilimia 80 ya umeme wake.

Na bado Afrika Kusini ndiko kampuni kubwa za wingu zilikoweka vituo vyao vya bara: Microsoft tangu 2019, Amazon huko Cape Town tangu 2020, Google huko Johannesburg tangu Januari 2024. Mtu akifungua akaunti na kubonyeza "karibu nami", data zake zinaangukia kwenye makaa ya mawe. Kwa data za moto unaweza kukubali, kwa ajili ya kasi. Kwa nakala rudufu, ambayo hakuna anayeifungua, kasi haina maana, hivyo chagua eneo lenye umeme safi. Stockholm, ambako Amazon ina kituo tangu 2018, umeme unatoka zaidi kwenye maji, nyuklia na upepo. Hamina nchini Finland, Google wanapooza kituo chao kwa maji ya bahari ndani ya kilichokuwa kiwanda cha karatasi. Gharama yake mara nyingi haizidi ya Afrika Kusini, na wakati mwingine ni nafuu.

Mwezi Mei 2024 Microsoft na G42, kampuni ya teknolojia ya Abu Dhabi, walitangaza kituo kitakachotumia jotoardhi ya Olkaria. Napenda wazo hilo sana. Lakini usipange biashara yako juu ya tangazo. Panga juu ya eneo unaloweza kulichagua leo kwenye menyu.

Data za watu zikivuka mpaka, hata kwenda Nairobi, fuata kwanza masharti ya Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Na nakala moja lazima ibaki karibu. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ya Tanzania ikazorota kwa siku kadhaa. Ofisi zilizokuwa na kila kitu ng'ambo zilikaa mikono mitupu.

Hatua ya sita: mwulize muuzaji, asikuuzie mbuzi kwenye gunia

Neno "kijani" halina kipimo. Mwandikie barua pepe muuzaji wa wingu au wa kituo cha data, na utake majibu ya maandishi:

- PUE yenu ya mwaka mzima uliopita ni ngapi? Si ya kwenye mchoro wa mkandarasi, bali iliyopimwa.
- Umeme umekatika kwa saa ngapi mwaka jana, na jenereta zimekunywa lita ngapi?
- Mnapooza kwa maji? Lita ngapi kwa kila uniti, na ni maji ya bomba ya mji?
- Hesabu yenu ya hewa ukaa ni ya mahali au ya mkataba?
- Seva mnazitumia miaka mingapi, na zikitoka zinakwenda kwa nani?

Swali la nne linahitaji maelezo, kwa kuwa ndilo linaloficha mengi. Kampuni inaweza kuchoma umeme wa makaa ya mawe Johannesburg, kisha ikanunua vyeti vya umeme safi vya mahali pengine na kutangaza kwamba ni safi asilimia 100. Hiyo ni hesabu ya mkataba. Hesabu ya mahali inasema umeme uliofika kwenye soketi ulitoka wapi hasa. Kanuni za kimataifa za kuhesabu hewa ukaa, zile za GHG Protocol, tangu 2015 zinataka zote mbili zitajwe. Muuzaji akitaja moja tu, dai na ya pili.

Ukishachagua, tumia daraja la chini la hifadhi kwa data baridi. Glacier Deep Archive ya Amazon, kwa mfano, hukurudishia faili ndani ya saa 12 hivi, na ukifuta kabla ya siku 180 unatozwa kana kwamba zimetimia. Kwa hiyo usipeleke huko kabla ya hatua ya pili kukamilika. Tumia programu kama restic, ambayo husimba data (huzigeuza zisisomeke bila neno la siri) kabla hazijatoka ofisini na kutuma vipande vilivyobadilika tu. Mara ya kwanza jiandae: gigabaiti 700 kwa laini inayopandisha megabiti 20 kwa sekunde ni siku tatu na robo mfululizo. Anza Ijumaa jioni.

Hatua ya saba: umeme wa kwako

Mzigo ukishakuwa mdogo, jua linatosha. NAS ya wati 18 na ruta ya wati 10 kwa pamoja hula uniti 0.67 kwa siku. Paneli ya wati 300 na betri ya lithiamu ya volti 12, ampea 100 kwa saa, inabeba mzigo huo na usiku wake, na siku ya mawingu inavuka. Hapo jenereta unaliachia lifti na taa. Ukijaribu kuweka sola kwa seva ya wati 180 na kiyoyozi chake utahitaji paa zima, na ndiyo maana hatua hii nimeiweka hapa, si mwanzoni.

Hatua ya nane: kifaa kinapozeeka

Dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki mwaka 2022, na asilimia 22.3 tu ndizo zilizorekodiwa kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Diski inayotoka kwako ifute kabisa kwa programu kama nwipe. Ikiwa ni SSD tumia amri ya mtengenezaji ya kufuta kwa usalama. Diski nzima iliyofutwa vizuri iuzwe au igawiwe shule. Kuitoboa kwa drili ni kuiua bure. Toboa ile iliyokufa na isiyofutika. Kilichokufa kabisa mpe mkusanyaji mwenye kibali cha mamlaka ya mazingira, NEMC Tanzania au NEMA Kenya, na udai karatasi ya makabidhiano.

Betri za UPS ndizo zinazoniuma zaidi, kwa sababu zina madini ya risasi na kila mtu anajua mnunuzi wa chuma chakavu anayezitaka. Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa, palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilichowatia watoto na wazazi sumu ya risasi. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira na ardhi ya Mombasa iliamua wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na kesi ikaendelea kupanda mahakama za juu. Betri ya UPS yako isiishie kwenye jiko la mtu uani. Muuzaji wa betri mpya achukue ya zamani kwa maandishi, au nenda kwa mwingine.

Wale mawakala hawakununua seva kubwa. Baada ya wiki mbili za kufuta, data zao zilishuka hadi gigabaiti 700. Tulichukua NAS ya diski mbili za terabaiti 4, tukaiweka kwenye rafu ya mapokezi nyuma ya kioo chenye matundu. Diski ya nje inalala kwenye sefu ya tawi lao la Tanga, na nakala iliyosimbwa iko Stockholm. NAS inakula wati 18, yaani uniti 158 kwa mwaka hata ingewaka bila kuzimwa, chini ya shilingi 60,000. Seva ya zamani ilifutwa, ikaenda chuo cha ufundi wanakojifunza kuifungua na kuifunga. Chumba kimerudishiwa mafagio. Mita ya plagi tuliiacha palepale chini ya rafu, na kila tarehe 1 mama mhasibu anainama, anasoma namba, anaiandika kwenye daftari lilelile la Luku.